Vyombo vya Kuchunguza Mizuka kwa Fedha Kidogo

Somo la redio kwa vikundi vya watu wazima, Kasulu na Kibondo

Kama kuna mwenzako hapo ambaye hajui kusoma, msomee kwa sauti, maana somo la leo linamhusu kila mtu anayelala chini ya paa.

Somo letu ni juu ya vitu vinavyotutisha usiku, na vyombo vinavyofaa kuvichunguza. Kuna watu katika nchi za ng'ambo, hasa Uingereza na Marekani, ambao wamefanya kazi ya kutafuta mizuka kuwa mchezo wao wa jioni. Wanauziana mashine za kila namna kwa kazi hiyo. Kijana wa Kasulu mwenye simu huziona mashine hizo katika picha, akatamani kununua. Tutaeleza ni zipi zenye faida na zipi za kupoteza fedha tu, na tutaonyesha kwamba vyombo vilivyo bora vyapatikana katika duka la kijijini kwako, na vingine vimo jikoni mwako tayari.

Lakini kwetu jambo hili si mchezo. Wajua mwenyewe jinsi mambo yanavyokwenda. Kitu kinatembea juu ya bati usiku. Usiku wa pili kinapiga kelele. Asubuhi mtoto anaugua homa. Siku ya tatu jina la mtu limeanza kutajwa, na mara nyingi ni jina la mama mzee anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa sababu amepika kwa kuni na moshi miaka hamsini, lakini hakuna anayekumbuka hilo. Hapo ndipo huitwa watu wa kamchape waje "kusafisha" kijiji. Katika miaka ya karibuni mkoa wetu wa Kigoma umeona mengi ya namna hiyo: familia kutozwa fedha na mifugo, nyumba kuharibiwa, na watu kuumizwa.

Basi chombo cha kuchunguza sauti ya usiku ni chombo cha kulinda uhai wa jirani. Sauti iliyojulikana haimtafuti mtu wa kumsingizia.

KWANZA, TUELEWANE

Somo hili haligusi dini ya mtu wala heshima anayowapa wazee wake waliotangulia. Anayeamini kwamba mizimu ipo, na anayeamini kwamba haipo, wote wawili wanaweza kukaa pamoja na kuuliza swali moja: "Kitu hiki kilichotushtua usiku wa jana ni nini?" Kuuliza si ujinga. Hata anayeamini mizimu hapendi kumpa bundi heshima ya babu yake.

Twasema pia: Lisemwalo lipo. Ni kweli, lipo. Sauti ilikuwapo, na watu waliisikia. Kinachobaki ni kujua lililokuwapo ni kitu gani.

MASHINE ZA FEDHA NYINGI

Tuanze na vile usivyopaswa kununua.

Mashine inayopendwa kuliko zote na watafuta mizuka wa ng'ambo ni kisanduku kidogo chenye taa zinazowaka mfululizo, za kijani mpaka nyekundu. Hicho ni kipimo cha nguvu za sumaku zinazotoka katika nyaya za umeme. Mafundi wa umeme wana kazi nacho. Watafuta mizuka wanasema taa zikiruka, mzuka umepita. Lakini kisanduku hakijui mzuka. Chajua waya, mota, na simu. Katika nyumba yenye nyaya nyingi kitaruka usiku kucha. Katika nyumba isiyo na umeme hakina cha kupima ila simu iliyo katika mfuko wako mwenyewe. Bei yake Marekani ni makumi ya dola. Fedha hizo zitafanya kazi bora zaidi zikinunua mbolea.

Mashine ya pili ni kipimajoto cha kuelekeza kama bastola. Wenyewe husema mzuka huleta baridi, nao hutafuta mahali penye baridi chumbani. Kumbuka kwamba chombo hicho hakipimi hewa. Hupima joto la juu ya kitu kilichoelekezewa, yaani ukuta, mlango au kitanda. Ukuta wa tofali ulio upande wa upepo utakuwa baridi kuliko ukuta wa upande wa jikoni, mzuka uwepo au usiwepo. Na katika nyanda zetu za juu, ambako mwezi wa Juni na Julai mtu hulala na mablanketi mawili, ukitafuta baridi utaipata kila pembe.

Ya tatu ni redio inayorukaruka masafa upesi upesi, ikitoa vipande vya maneno. Watu husikiliza na kusema, "Marehemu ametaja jina langu." Akili ya binadamu imeumbwa kutafuta maneno katika kelele, kama vile macho yatafutavyo uso katika wingu. Mwaka 1959 Friedrich Jürgenson wa Sweden alikuwa akirekodi sauti za ndege, akaamini kwamba ndani ya kanda amesikia sauti za watu. Baada yake Konstantin Raudive, mtu wa Latvia, alikusanya maelfu ya sauti kama hizo. Wengine waliposikiliza kanda zile bila kuambiwa kwanza maneno ya kutarajia, mara nyingi hawakusikia neno lolote, au kila mmoja alisikia lake.

Usifikiri kwamba wachunguzi hodari walihitaji mashine za ghali. Harry Price, Mwingereza aliyesifika kwa kazi hii, mwaka 1937 aliikodi nyumba ya Borley, iliyosemwa kuwa na mizuka kuliko nyumba zote za Uingereza. Katika mkoba wake alikuwa na kamera, lakini pia utepe wa kupimia, uzi, chaki, kiberiti, mshumaa, tochi, na viatu vya kitambaa laini vya kutembelea kimya. Vingi katika hivyo waweza kuvipata sokoni Kasulu au Kibondo bila kwenda mbali.

Na mwingine, Vic Tandy, fundi wa Coventry, hakutumia hata mkoba. Katika chumba chake cha kazi watu walikuwa wakipata hofu na jasho baridi, naye aliona kitu cha kijivu pembeni mwa jicho lake. Siku iliyofuata alifunga upanga wake wa michezo katika jiliwa ili autengeneze, akaona ncha yake inatetemeka yenyewe. Alifuatilia mtetemo ule mpaka akakuta feni mpya iliyokuwa ikitikisa hewa mara 19 hivi kwa sekunde, mwendo ambao sikio haliusikii. Feni ilipotengenezwa, hofu ile ikaisha. Aliandika habari hiyo mwaka 1998. Chombo chake kikubwa kilikuwa kule kuangalia ncha ya upanga na kujiuliza kwa nini.

VYOMBO VYA KUNUNUA, KWA TARATIBU YAKE

Ukiwa na fedha za chombo kimoja tu, nunua cha kwanza. Ukipata zaidi, ongeza cha pili, na kuendelea.

1. Daftari, penseli na saa. Hivi ndivyo vyombo vikuu. Bila daftari, sauti moja ya usiku wa Jumatatu huwa sauti tatu kufika Alhamisi, na kufika siku ya mnada imekwisha kuwa jeshi zima. Andika tarehe, saa, mahali, nani alisikia, sauti ilikuwaje, na hali ya hewa: upepo, mvua, mwezi. Andika papo hapo, usingoje asubuhi. Kama mlikuwa wawili, kila mmoja aandike peke yake kabla hamjazungumza. Asiyejua kuandika na aseme, mtoto wa shule amwandikie, kwa maneno yake yeye, bila kuyapamba.

Saa peke yake yaweza kumaliza fumbo. Chukua mfano wa bati linalolia. Bati la chuma hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Tuseme bati la mita 3 lilikuwa na joto la sentigredi 50 mchana, na usiku likashuka hadi 15. Litakuwa limepungua urefu wake kwa milimita moja na robo hivi. Ni kidogo, lakini misumari imelishika, halina pa kwenda. Linavutana na papi, kisha linaachia ghafla: ta! Mwenye nyumba husema mtu amerusha jiwe. Tazama daftari lako. Kama milio mingi ni ya saa 1 mpaka saa 3 usiku, baada ya mchana wa jua kali, na inapungua kadiri usiku unavyopoa, basi umempata mrushaji, naye ni jua lililokwisha kuzama.

2. Tochi. Tochi ndogo ya betri haifikii bei ya kuku. Chagua inayomulika mbali kwa mwanga mwembamba, usivutwe na yenye taa nyingi za rangi. Kabla ya kuinunua, iwashe na kuizima mara kumi, na utazame kama swichi inalegea.

Tochi ishike kando ya jicho lako, si chini kiunoni. Wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga kama kioo. Ukimulika ukiwa umeiweka tochi karibu na jicho, mwanga ule unakurudia, nawe utaona nukta mbili zinazowaka. Sasa tazama zilipo na zinavyokwenda. Nukta zilizo juu ya mti, ambazo zinaruka kutoka tawi hili mpaka lile, ni za komba. Zilizo chini na kunyata kando ya banda la kuku yaweza kuwa kanu au fungo. Zilizo kimo cha kifua, zimetulia na kutafuna, ni ng'ombe wa jirani aliyekatika kamba. Nuru inayowaka na kuzima, ikielea peke yake, ni kimulimuli. Na kama ukizima tochi unaona gogo bovu linang'aa rangi ya kijani hafifu, usikimbie, maana ziko aina za uyoga zinazotoa mwanga katika mti unaooza.

Macho yahitaji muda wa dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza. Ukiwasha tochi kali, kazi yote hiyo inapotea. Kwa hiyo funika kioo cha tochi kwa kipande cha kitambaa chekundu unapotaka kuandika tu.

3. Majivu. Hivi havinunuliwi. Chekecha majivu makavu ya jikoni, uyatandaze kwa wembamba mlangoni, dirishani, au juu ya ukuta pale unapokutana na paa. Lainisha kwa ubao. Asubuhi soma. Wachunguzi wengine hutumia unga, lakini unga ni chakula, tena utawaita panya, nawe ulitaka kuchunguza panya hao hao. Mzuka unaoacha alama za kucha nne na mkia unaoburuta, huo paka anaweza kuumaliza.

4. Uzi na chaki. Uzi mwembamba wa kushonea ufunge mlangoni, mmoja usawa wa goti na mwingine usawa wa kifua. Ukikatika wa chini tu, kilichopita ni kifupi. Ikikatika yote miwili, kilichopita ni mtu au ng'ombe. Isipokatika hata mmoja, na sauti ilikuwapo, basi sauti haikuja kwa mlango. Usifunge uzi njiani ambako baiskeli hupita, wala kamwe usiuweke usawa wa shingo. Chaki ni ya kuzungushia kitu kinachosemwa kwamba hujisogeza chenyewe, kama kinu au kiti. Kikisogea, mstari utasema.

5. Simu ya kurekodi. Simu nyingi, hata ndogo za vitufe, zina mahali pa kurekodi sauti. Kwanza taja kwa mdomo tarehe na saa, kisha iache simu juu ya kitu laini, mahali pasipo na upepo, na uizuie isipokee simu kwa muda huo. Rekodi hiyo usiwachezee majirani wenye hofu. Mpelekee mrina asali au mwindaji mzee, wala usimwambie unafikiri nini. Mwulize tu, "Baba, hiki ni kitu gani?"

Hapo tumefika kwenye chombo ambacho hakiuzwi popote, nacho ni ujuzi wa watu wa msituni. Nyanda zetu zina miombo mingi, na warina asali wa Kibondo hulala porini siku nyingi wakishughulikia mizinga. Wao wanajua kwamba komba hulia kama mtoto mchanga aliyeachwa. Wanajua kwamba perere, mnyama mdogo asiyezidi sungura kwa ukubwa, huanza kwa mkwaruzo kama mlango mbovu, akapanda polepole mpaka mlio wake ukawa kama wa mtu anayenyongwa. Wanajua kwamba nyuki wakihamia ndani ya ukuta huvuma kama watu wanaosali chini kwa chini. Kiti cha mrina asali katika kikundi chenu kina faida kuliko mashine zote tulizozitaja.

HATARI MBILI ZA NDANI YA NYUMBA

Kabla ya kumchunguza wa nje, chunguza chumba na kitanda.

Hatari ya kwanza ni jiko la mkaa. Watu wa nyanda za baridi huliingiza jiko chumbani, wakafunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiwa nyingi inaua watu wote wakiwa usingizini. Ikiwa kidogo inaleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uzito kifuani, na wakati mwingine mtu kuona na kusikia visivyokuwapo. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari ya familia iliyosikia nyayo usiku na kuona watu wasiojulikana vyumbani. Watoto walikuwa wamepauka, na hata mimea ya ndani ilinyauka. Kumbe tanuru la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu, likimwaga sumu ile ndani. Lilipotengenezwa, mizuka ikahama.

Jaribio lake halina gharama. Toa jiko nje kabla ya kulala, acha dirisha wazi kidogo, ulale hivyo usiku saba. Kama kichwa kimeacha kuuma na wageni wa usiku wamekoma, umejua. Na ukikuta watu wamelegea katika chumba chenye jiko, usikae kuchunguza. Fungua mlango, watoe kwenye hewa safi, uwapeleke hospitali.

Hatari ya pili ni jinamizi. Mtu anaamka, macho yanaona, lakini mwili haumtii. Anahisi kitu kimemkalia kifuani, pengine anaona kivuli kitandani. Sababu yake ni hii: tunapoota, mwili hulegezwa ili tusirushe mikono na miguu kwa kufuata ndoto. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Hali hiyo hupita kwa sekunde chache au dakika moja mbili. Huwapata zaidi watu waliochoka, waliokosa usingizi, na wanaolala chali. Lala ubavu, pumzika, na uandike katika daftari ulilala vipi.

Msidharau jambo hili. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianza Pemba ikaenea mpaka Unguja. Watu walisema wanakandamizwa usiku vitandani, na wengi walilala nje kwa makundi, wakiota moto na kukesha. Katika hofu ile, mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati mjini Zanzibar akidhaniwa kuwa ndiye. Hilo ndilo tunda la kukimbilia jina kabla ya kuchunguza.

NAMNA YA KUKESHA

Msikeshe mtu mmoja mmoja, wala msiwe umati. Watu watatu wanatosha. Mwarifuni mwenyekiti wa kitongoji na majirani mchana, maana anayenyata gizani bila kuaga huweza kudhaniwa mwizi, au kudhaniwa yeye ndiye mchawi mwenyewe. Kaeni katika nyumba yenye shida tu, kwa ruhusa ya mwenyewe. Msiende kuvizia nyumba ya mtu mnayemshuku, kwa kuwa huko si kuchunguza tena. Vaeni viatu kwa ajili ya nyoka, na nguo nzito kwa ajili ya baridi na mbu. Mapanga na mishale yabaki nyumbani. Aliyeshika panga gizani atapata wa kumkata, naye atakuwa jirani aliyetoka kujisaidia.

Sasa tufanye zoezi. Tuseme familia moja kati ya Kasulu na Kibondo inasikia kitu juu ya paa. Kinakwaruza, kisha kinapiga ukelele wa kutisha. Asubuhi, chini ya pembe ya paa, wanakuta kifurushi cheusi cha nywele, na ndani yake mifupa midogo. Watu wanasema ni uchawi uliofungwa, na tayari wanamtazama bibi wa nyumba ya pili. Watatu wanakesha. Daftari lao linasema hivi:

Usiku wa kwanza. Saa 1.40, saa 2.05 na saa 2.20: mlio mmoja mmoja, ta. Jua lilikuwa kali mchana. Saa 4.30: kukwaruza upande wa mashariki. Saa 4.35: ukelele mrefu wa kukwama, kama kitambaa kinachochanwa. Majivu ya mlangoni hayana alama. Uzi haukukatika.

Usiku wa pili. Mvua ya manyunyu, hakuna milio ya ta. Saa 4.10: kukwaruza mahali pale pale. Tulimulika: ndege mwenye uso mweupe wa mfano wa moyo aliingia tundu la pembe ya paa, kimya kabisa, bila sauti ya mabawa.

Usiku wa tatu. Saa 4.20: yule ndege ametoka. Saa 5.15: amerudi na panya mdomoni. Sauti za makinda ndani. Asubuhi: vifurushi viwili vipya chini ya tundu.

Basi wamwone mchawi wao. Ni bundi. Bundi huyu halii "huu" kama wengine, bali hupiga ukelele. Humeza panya mzima, tumbo likachukua nyama, kisha manyoya na mifupa akaitapika ikiwa imekunjwa kitonge. Chukueni kitonge hicho kwa kijiti, si kwa mkono mtupu, mkilowanishe katika maji na kukichambua. Mtakuta taya, meno na mafuvu ya panya. Waiteni watu wa kitongoji waone kwa macho yao, na bibi wa nyumba ya pili awe wa kwanza kuketishwa. Bundi mwenye makinda hukamata panya kadhaa kila usiku, panya ambao wangekula mahindi ya ghala lenu. Mwacheni mpaka makinda yaruke, kisha mzibe tundu kama hamtaki kelele.

Twaona kwamba fumbo hilo lilikuwa na majibu mawili, bati na bundi, na daftari ndilo lililoyatenganisha. Kama wangetegemea kumbukumbu, yote yangekuwa kitu kimoja chenye nguvu kubwa.

KUHESABU BADALA YA KUTAJA

Kamchape si jambo jipya. Jina hilo lina asili ya kusini, katika vikundi vya mchape vilivyotoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, miaka ya 1930, vikaingia nchi ambayo leo ni Zambia, na baadaye Ufipa. Audrey Richards, Mwingereza mtaalamu wa mila za watu, aliwakuta wakikusanya pembe za wanyama kutoka kwa wanakijiji na kusema ni ushahidi wa uchawi. Yeye alizichukua pembe zaidi ya mia moja, akazikagua moja moja pamoja na msaidizi aliyezijua. Nyingi sana zilikuwa vyombo vya dawa za kawaida, zisizo na ubaya wowote. Aliandika hayo mwaka 1935. Alichokifanya ndicho tunachowaomba mfanye: kushika kitu mkononi, kukifungua, kukihesabu, na kuandika.

Serikali nayo ina neno lake. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inamhesabu kuwa na kosa hata mtu anayejidai tu kwamba ana nguvu za uchawi. Na kumpiga mtu au kuchoma nyumba yake ni kosa la jinai, hata kama kijiji kizima kimepiga kura. Mkiona kundi linakuja "kusafisha", mpelekeeni habari ofisa mtendaji au polisi mapema, kabla jina la mtu halijatajwa.

Je, kama mmekesha usiku saba, na bado hamjajua sauti ni ya nini? Andikeni hivyo: "Hatujajua." Neno hilo ni jibu halali. Halimchomei mtu nyumba, na kesho mtakesha tena.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni sauti gani za usiku zinazotisha watu katika kitongoji chenu? Nani kati yenu anazijua chanzo chake?

2. Kwa nini watu wawili waandike kila mmoja peke yake kabla ya kuzungumza?

3. Kikundi kina fedha za tochi moja au za daftari na penseli tu. Mtanunua nini kwanza, na kwa nini?

4. Ni mama au baba gani mzee katika kitongoji chenu anayeishi peke yake? Nani humtembelea, na lini mara ya mwisho?

KAZI YA NYUMBANI

Usiku wa leo, kaa nje ya nyumba yako nusu saa na mwenzako, tochi ikiwa imezimwa. Andikeni kila sauti mnayoisikia, na saa yake. Kisha hesabuni ngapi mnazijua na ngapi hamzijui. Leteni madaftari katika kikundi, na mwalikeni mrina asali mmoja aje awasaidie zile zilizobaki.

Kwa leo tunaishia hapa. Laleni salama, jiko likiwa nje. Kwaherini.